Chubwi Tumboni mwa Samaki: Uchambuzi wa Kisa cha Cleveland, 2022

Mizani ilisoma ratili 33.91, yaani kilo 15.4, kwa samaki watano. Ilikuwa Ijumaa, Septemba 30, 2022, katika bustani ya Gordon Park iliyo ukingoni mwa Ziwa Erie, jijini Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Siku hiyo ilikuwa fainali ya Lake Erie Walleye Trail, mfululizo wa mashindano ya kumvua kwa mshipi samaki aitwaye walleye. Wenye samaki hao, Jacob Runyan na Chase Cominsky, walikuwa wameshaongoza, na zawadi iliyowasubiri ilikuwa karibu dola 29,000.

Mkurugenzi wa mashindano, Jason Fischer, hakutoa hundi. Aliwashika samaki, akawabonyeza tumbo, akahisi kitu kigumu. Akachukua kisu akapasua. Kilichotoka ni donge la risasi, ile metali nzito, lenye ukubwa wa yai. Akapaza sauti kuwa samaki wamejazwa vyuma, akaendelea kupasua, na madonge yakaendelea kutoka. Umati ukalipuka kwa matusi. Runyan alibaki amesimama palepale, kimya, huku Fischer akiwaomba watu wasimguse.

Video ya dakika hizo ilitazamwa na mamilioni, na wengi waliishia kucheka: watu wazima, na boti zao za bei mbaya, wanaiba kwa tumbo la samaki! Kwangu mimi kisa hiki kina uzito zaidi ya hapo, kwa sababu kinaonyesha jinsi shindano linavyoweza kununua vifaa vya kupima kila kitu isipokuwa kile kinachobishaniwa. Tuanze na samaki mwenyewe, maana bila kumjua yeye hutaelewa Fischer aliona nini.

Walleye ni samaki gani

Kwa jina la kisayansi ni Sander vitreus, samaki wa maji baridi, hasa wa Kanada na kaskazini mwa Marekani. Ana mwili mrefu, meno makali, na pezi la mgongoni lenye miiba. Aliyezoea soko la Kirumba angeweza kumdhania kuwa sangara mwembamba, ingawa hao wawili ni wa familia tofauti kabisa. Kinachomtambulisha ni macho: makubwa, meupe kama yaliyoingia ukungu. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana usiku ukimmulika tochi linang'aa. Tabaka hilo linampa uwezo wa kuona kwenye mwanga hafifu kuliko samaki wadogo anaowala, kwa hiyo huwinda alfajiri, magharibi, usiku, au mchana ambao maji yamechafuka.

Kutokana na jambo hilo moja zinatoka nusu ya mbinu zote za kumvua. Mvuvi wa walleye hapendi ziwa lililotulia chini ya jua kali. Anapenda upepo wa kadiri unaokunja uso wa maji na kuvunja mwanga, mawingu, na saa za ncha mbili za siku. Jua likipanda, samaki huteremka chini au hujificha kwenye maji machafu, nawe inakubidi umfuate.

Huko kaskazini anapendwa kupita kiasi. Minnesota ilimtangaza kuwa samaki wa jimbo mwaka 1965. Toledo, jiji la Ohio, ina timu ya mpira wa magongo wa barafuni inayoitwa Walleye. Port Clinton, mji mdogo wa ufukweni Ohio, kila mkesha wa Mwaka Mpya huteremsha kutoka juu sanamu kubwa ya walleye saa sita kamili usiku, watu wakishangilia barabarani kwenye baridi kali. Na analiwa: nyama yake ni nyeupe, haina shombo, na mtu mwenye kisu kizuri anatoa minofu miwili safi kwa muda mfupi tu. Hili la kuliwa litarudi mbele, kwa sababu linahusika na ushahidi.

Ziwa Erie ndilo ghala lake kuu. Katika Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini hilo ndilo lenye kina kifupi kuliko yote. Wastani wake ni mita 19 hivi, na upande wa magharibi ni mita saba au nane tu. Maji mafupi hupata joto mapema, chakula huwa kingi, samaki hukua haraka. Majira ya kuchipua maelfu kwa maelfu huingia Mto Maumee kutaga, na wavuvi huingia nao, wamevaa suruali za mpira hadi kifuani, wamesimama bega kwa bega ndani ya maji ya barafu. Kwa kawaida Ohio humruhusu mvuvi kuchukua walleye sita kwa siku, wasiopungua inchi 15, yaani sentimeta 38.

Jinsi anavyovuliwa, na kile kisichoonwa na mtu

Wakati wa kiangazi na vuli, walleye wa Erie hutawanyika katikati ya ziwa wakifuata makundi ya dagaa wa huko. Ukitia nanga mahali pamoja utakaa njaa. Njia ya wengi ni kuburuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda polepole, kilomita mbili hadi nne kwa saa. Kwenye ncha ya mshipi kuna samaki bandia wa plastiki mwenye ulimi mdogo puani. Anapovutwa, ule ulimi unamzamisha na kumtikisa. Wengine hutumia mnyoo wa ardhini aliyetungwa kwenye ndoana mbili, mbele yake kuna bapa dogo la chuma linalozunguka na kumeta. Ili mishipi mingi isijisokote, kila upande wa boti hufungwa vibao vinavyoelea na kuivuta mishipi mbali pembeni, hivyo boti moja inafagia upana mkubwa wa maji. Rili za kisasa zina kaunta inayoonyesha mshipi umetoka kiasi gani, kwa sababu urefu wa mshipi na mwendo wa boti ndivyo vinavyoamua kina cha chambo. Ukipata samaki, unasoma kaunta, na mishipi mingine yote unairudisha kwenye namba hiyohiyo.

Kisha kuna risasi. Chubwi nzito, yaani vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi, ni kifaa cha kawaida kabisa kwenye uvuvi huu, maana ndizo zinazokipeleka chambo chini. Boti yenye sanduku la chubwi za wakia nane au kumi na mbili (wakia 16 ni ratili moja) haimshangazi mtu yeyote. Mlaghai wa Erie hahitaji kuficha silaha yake. Iko pale, kando ya ndoana na koleo.

Mashindano yenyewe yana kanuni nyepesi kueleza. Timu ya watu wawili inatoka alfajiri, inarudi kabla ya saa iliyopangwa, inaleta samaki wake watano bora, wanapimwa pamoja. Uzito mkubwa ndio mshindi. Katikati ya kuondoka na kurudi kuna saa nyingi na ziwa lenye upana wa makumi ya kilomita, na hakuna mwamuzi ndani ya boti. Wale wawili tu ndio wanaojua kilichotokea. Mchezo wote unasimama juu ya neno lao.

Hesabu aliyoifanya Fischer kwa macho

Fischer alisema baadaye kwamba alipowatazama samaki wale aliwakadiria kama ratili nne kila mmoja, jumla ishirini hivi. Mizani ikampa karibu ratili saba kila mmoja. Mtu asiyejua samaki atasema tofauti ya ratili tatu haionekani kwa macho. Kwa mvuvi inaonekana.

Wavuvi wa walleye wana kanuni ya makadirio wanayoitumia miaka na miaka: chukua urefu wa samaki kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, ugawanye kwa 2,700, unapata uzito kwa ratili. Samaki wa inchi 20 anakuja karibu ratili tatu. Wa inchi 25, karibu ratili sita kasoro kidogo. Wa inchi 30, kumi. Tuigeuze hesabu hiyo kinyumenyume kwa kisa chetu. Samaki wa ratili nne anapaswa kuwa na inchi 22 hivi, sawa na sentimeta 56. Wale watano walikuwa na wastani wa ratili 6.78, na samaki wa uzito huo anapaswa kufikia inchi 26 na zaidi, yaani sentimeta 67. Kati ya 56 na 67 kuna sentimeta kumi na moja, karibu upana wa kiganja. Mtu aliyewapima walleye msimu mzima hakosi kuliona pengo hilo, hata akiwa amechoka, hata jua likiwa usoni.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Rekodi ya Ohio, samaki aliyevuliwa Erie Novemba 1999, ilikuwa ratili 16.19 kwa urefu wa inchi 33; kwa hesabu yetu alipaswa kuwa na ratili 13 na kitu. Pengine alikuwa jike aliyenenepa kwa majira ya baridi. Kwa hiyo samaki mmoja mzito kuliko urefu wake si ushahidi wa wizi, na mkurugenzi mwenye busara hamrukii mtu kwa sababu ya samaki mmoja. Watano kwa mpigo, wote wazito kupita urefu wao, mwezi Septemba, ndilo jambo jingine. Na samaki mnene kwa haki ananenepa sehemu zote, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Ukimwekea uzito tumboni, mgongo wake unabaki mwembamba kama ulivyokuwa.

Nadhani hapa ndipo penye moyo wa kisa. Namba ilikuwa sahihi, mizani haikuharibika. Aliyekataa ni mtu aliyekuwa na namba nyingine kichwani.

Kilichotoka

Waendesha mashtaka walieleza kuwa ndani ya samaki wale watano zilipatikana chubwi kumi: nane za wakia 12 na mbili za wakia nane. Pamoja nazo ilikutwa minofu ya walleye.

Jumlisha chubwi hizo: wakia 112, yaani ratili saba kamili, kilo tatu na gramu mia moja na sabini na tano. Toa ratili saba kwenye 33.91 unabaki na 26.91. Hiyo bado iko juu ya ishirini alizokadiria Fischer. Sehemu ya tofauti ni minofu. Iliyobaki pengine ni jicho la Fischer lililopunja kidogo, jambo la kawaida kwa samaki waliolaliana kwenye kikapu. Sioni kuwa hilo linapunguza chochote. Linaonyesha tu kwamba hao mabwana walikuwa wavuvi kweli, walileta samaki wa haki wenye uzito wa kuheshimika, kisha wakawaongezea.

Minofu ndiyo iliyonishughulisha zaidi ya risasi. Risasi mtu anaweza kuitia kwa pupa, kwa kusukuma kooni, dakika za mwisho kabla ya kufika gatini. Kumtia samaki minofu ya samaki mwenziwe kunataka maandalizi: lazima mtu awe na walleye wengine, awatoe minofu, awe nayo tayari. Faida yake ni rahisi kuikisia. Mnofu ni laini, unaweza kujaza nafasi na kuzizuia chubwi zisigongane, na mkono unaoshika tumbo kwa juu juu unahisi nyama. Hayo ni makisio yangu kwa kutazama vitu vilivyotoka, lakini yanaelekea upande mmoja: aliyefanya hivyo alikuwa ameshafikiria mkono wa mpimaji. Hakufikiria mkono unaobonyeza kwa kutafuta.

Mnunuzi wa pamba kule Simiyu angekielewa kisa hiki kabla sijamaliza kukisimulia. Pamba humwagiwa maji na kutiwa mchanga kwa sababu mizani inalipa kilo na haiulizi ni kilo za nini. (Mkulima naye atakwambia habari za mizani ya mnunuzi, na atakuwa na haki yake.)

Hawakuanzia hapo

Majina ya Runyan na Cominsky yalikuwa yameshanong'onwa gatini kabla ya siku ile. Mwaka 2021 walishika nafasi ya kwanza katika Lake Erie Fall Brawl, shindano la vuli ambalo ushindi ni wa samaki mmoja mzito kuliko wote. Walinyang'anywa baada ya mmoja wao kushindwa kipimo cha mashine ya kupima uongo. Mwezi Aprili 2022 polisi wa Rossford, jirani na Toledo, walipokea malalamiko kuhusu shindano jingine la walleye. Wakachunguza, na ofisi ya mwendesha mashtaka ikaona kwamba huenda udanganyifu ulikuwepo lakini ushahidi hautoshi kufungua kesi. Wakaendelea kushindana. Ndani ya mwaka huohuo wa 2022 wakashinda hatua za mwanzo za mfululizo huu uliowaumbua.

Tazama mpangilio wa matukio hayo. Mara ya kwanza waliangushwa na mashine ambayo mahakama nyingi za Marekani haziyapokei matokeo yake kama ushahidi. Aliyeshindwa na mashine hiyo anaweza kusema, na watu wakamsadiki, kwamba alikuwa na wasiwasi, hakulala, presha ilipanda. Mara ya pili kulikuwa na tuhuma na askari, bila samaki. Hapakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mashindano mengi ya Erie yana kanuni ya kuwapeleka washindi kwenye mashine ya uongo, na waandaaji huitaja kama ngao yao. Mimi siiamini hata kidogo. Inamtisha mkweli mwenye moyo mwepesi na kumpita mwongo mwenye moyo mgumu, na kibaya zaidi inawapa waandaaji usingizi. Wakishakuwa na mashine ya kuuliza watu, wanaacha kumuuliza samaki.

Mahakamani

Maofisa wa idara ya maliasili ya Ohio waliwachukua samaki wale siku ileile kama kielelezo. Oktoba 2022 jopo la raia la kaunti ya Cuyahoga liliwafungulia wote wawili mashtaka: kudanganya katika mashindano, kujaribu kufanya wizi mkubwa, kuwa na zana za kutendea uhalifu, na kosa dogo la kumiliki wanyamapori kinyume cha sheria. Wageni wa sheria za Marekani walishangaa kuwa kudanganya kwenye uvuvi ni jinai. Ohio ina kifungu chake: katika sura ileile inayoshughulikia kamari, imekatazwa kuvuruga matokeo ya mchezo au shindano kwa nia ya kulaghai, na fedha zikifikia kiwango fulani kosa linapanda daraja na kuwa kubwa. Kwa macho ya sheria hiyo, samaki, farasi na karata ni kitu kimoja pale ambapo kuna dau.

Boti ya Cominsky, ya thamani ya dola 100,000 hivi, ilikamatwa nyumbani kwake Pennsylvania. Mwanzoni wote walikana. Machi 27, 2023 wakabadili: wakakiri kosa la kudanganya na lile la wanyamapori, mengine yakafutwa. Hukumu ilisomwa Mei 11, 2023. Siku 10 jela. Mwaka mmoja na nusu chini ya uangalizi. Faini ya dola 2,500 kila mmoja, nusu yake ikiweza kusamehewa kwa atakayechangia shirika linalosaidia watoto. Leseni za uvuvi zikasimamishwa kwa miaka mitatu, na boti ikataifishwa.

Kuna waliosema ni adhabu ya kitoto, kuna waliosema jela kwa sababu ya samaki ni kichekesho. Ukiondoa boti, ni nyepesi. Ukiiweka boti, si nyepesi tena. Naona hakimu alilenga pazuri. Siku kumi za jela zitasahaulika. Kwa mvuvi wa mashindano, kukaa miaka mitatu bila leseni na bila boti, huku jina lako likiwa limekwisha kuwa mzaha, ni kutolewa mchezoni moja kwa moja.

Kilichobaki nje ya kesi ni ushindi wa nyuma. Mashtaka yalihusu samaki wa Septemba 30, kwa sababu hao ndio waliokuwepo. Walioshika nafasi ya pili katika hatua za mwanzo wana haki ya kujiuliza, na hawatapata jibu. Walleye ni samaki wa mezani. Samaki wa mashindano yaliyopita hawapo tena. Shindano la bass, samaki mwingine wa mashindano huko, ambalo kwa kawaida samaki hurudishwa majini wakiwa hai, lina tatizo la aina nyingine, lakini la walleye lina uhuru ambao waandaaji hawakuwa wakiutumia: samaki huyu ataishia chini ya kisu kwa vyovyote, basi kwa nini asipasuliwe mbele ya watu kabla hundi haijatoka?

Wapi palipovuja

Wengi waliokiandikia kisa hiki walikwenda kwenye tabia: tamaa, aibu, kuporomoka kwa maadili ya uvuvi. Tamaa ipo kila mahali penye fedha, haielezi kwa nini ilipenya hapa. Palipovuja ni kwenye kanuni. Shindano lililipa namba moja tu, uzito, na kati ya vipimo vyote vya samaki uzito ndio rahisi kuongeza. Urefu huwezi kuuongeza. Samaki havutiki kama mpira. Kwa miaka mingi kanuni za uvuvi wa sangara katika Ziwa Victoria ziliandikwa kwa sentimeta, 50 hadi 85, na kila aliyesimama mwaloni anajua kwamba ubishi wa rula unaisha mapema kuliko ubishi wa mizani. Huko huko Marekani upo mfululizo wa walleye, AIM, unaotumia njia hiyo: samaki anawekwa kwenye ubao wenye vipimo, anapigwa picha, anarudishwa ziwani, na urefu wake hubadilishwa kuwa uzito kwa jedwali maalumu. Nayo ina mianya yake, kwani picha inaweza kuchezewa na samaki mmoja akapigwa picha mara mbili, lakini chubwi haina kazi hapo.

Ubishi wa urefu na uzito, kwa kweli, ni mkongwe kuliko kisa hiki. Rekodi ya dunia ya walleye, ratili 25 kutoka Ziwa la Old Hickory, Tennessee, mwaka 1960, inabishaniwa hadi leo kwa sababu wapo wanaotazama picha ya samaki yule na kusema urefu haulingani na uzito ulioandikwa. Ni hoja ileile ya Fischer, ila huyo hawezi tena kupasuliwa akachunguliwa.

Mwanya wa pili ni fedha kuongezeka haraka kuliko ulinzi. Shindano la marafiki lenye dau la chakula cha jioni linaweza kusimama juu ya neno la mtu. Likifika makumi ya maelfu ya dola, na boti za zawadi, neno la mtu linakuwa mzigo mzito mno kwa kanuni ya karatasi moja. Mwamuzi ndani ya kila boti ni ghali na mashindano mengi ya mikoani hayamudu, hilo nakubali. Kipima-chuma cha mkononi, kama cha mlinzi wa mlangoni, si ghali, lakini minofu kinaipita bila kulia, na barafu au maji yaliyosukumwa tumboni kinayapita pia.

Ndiyo maana naona dawa yake ni ya kizamani. Pima uzito na urefu wa kila samaki, andika vyote viwili ubaoni ambapo umati unasoma, acha wavuvi wafanye ile hesabu ya 2,700 wenyewe. Kisha samaki wa timu tatu za juu wapasuliwe hadharani kila mara, si pale tu mtu anaposhukiwa. Hili la mwisho ndilo gumu kwa waandaaji, kwa sababu linaonekana kama tusi kwa mshindi. Lakini siku ile Gordon Park, Fischer alilazimika kuamua peke yake, mbele ya umati, kuwapasua samaki wa watu aliokuwa anakaribia kuwapa tuzo. Angekosea, angekuwa amemvunjia heshima mshindi halali na pengine kuliua shindano lake. Kama kupasua kungekuwa sehemu ya ratiba, baada ya mizani na kabla ya hundi, hakuna ambaye angehitaji ujasiri huo. Na minofu ingekwenda jikoni, inakokwenda siku zote.